Geti Lenye Kiraka cha Mfuniko

Picha ile ilipigwa kutoka jikoni kwetu.

Nililitambua hilo nikiwa nyuma ya kaunta, misumari ya mteja ikiwa bado kwenye mizani. Nikaiweka simu chini, karibu na mizani.

Kwenye picha kuna mwanaume wa shati jeupe anatoka kwenye geti, kageuza uso kama mtu anayeaga. Chini yake wameandika: "Huyu hapa refa wa jana, siku ya Ijumaa, akitoka kwa mfadhili wa Weupe. Mnaona tulivyouzwa?"

Jamani... mwanaume huyo ni mchumba wangu.

Na hiyo nyumba ya mfadhili ni ya mama yangu mzazi, fundi cherehani, ambaye hajawahi kufadhili hata timu ya watoto wa mtaani.

Niwaeleze taratibu, mtu asije akaachwa njiani.

Mimi nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Rangi, mabomba, misumari, vijiti vya kuchomelea. Wateja wangu wengi ni mafundi, na Jumatatu baada ya mechi ya watani hakuna fundi anayekuja kununua tu. Wanakuja kubishana, kununua ni baadaye.

Jumatatu hiyo walikuja wamenuna. Zambarau, timu ya mtaa wetu karibu wote, walikuwa wamefungwa na Weupe moja bila. Dakika za mwisho walisawazisha, refa akalikataa goli. Alisema mfungaji aliusukuma mpira kwa mkono.

Nusu ya duka ikasema mkono, nusu ikasema bega. Mmoja akapanda juu ya mfuko wa saruji kuonyesha bega linaanzia wapi na kuishia wapi, mwenzake akamvuta shati akimwambia bega halina vidole. Nami nilicheka, japo refa waliyekuwa wanamsema ni mtu wangu.

Kisha ile picha ikaingia kwenye simu zao zote kwa mpigo.

Mnaujua ule ukimya wa watu waliopata wa kumlaumu? Hakuna aliyezungumzia bega tena.

Nikaitazama picha upya. Pembeni, upande wa kushoto, kuna kitambaa kimeingia kidogo. Kina maua ya njano na kimefungwa fundo. Lile ni pazia la dirisha la jikoni, nililishona mimi, na fundo nililifunga mimi ili lisishike moto. Aliyepiga picha alisimama ndani ya nyumba yetu, nyuma ya pazia langu.

Ijumaa ile mwenzangu alikuja kumsalimia mama kwa mara ya kwanza. Nilimtambulisha kama mpima ardhi, na hapo sikudanganya, kwani wiki nzima anapima viwanja vya watu. Filimbi ni ya mwisho wa wiki. Alipoaga, mimi nilitangulia nje ya geti, ndiyo maana sionekani. Mama alibaki sebuleni akikusanya vikombe.

Jikoni alikuwepo mtu mmoja tu. Alisema tumbo linamsokota, hawezi kutoka kumsalimia mgeni.

Kaka yangu. Mwenyekiti wa tawi la Zambarau.

Sikutaka kuamini. Kaka ndiye aliyesimama mahali pa baba tangu baba atutoke. Ndiye aliyenilipia shule, ndiye ambaye angepokea posa yangu. Nikawa najitafutia maneno ya kumtetea, hata moja sikulipata.

Ndipo fundi mmoja wa kuchomelea, mteja wangu wa miaka, akaivuta ile picha kwa vidole ikakua.

"Hili geti nalijua," akasema.

Wenzake wakamzunguka.

"Kile kiraka cha duara ni mfuniko wa sufuria. Nilikichomelea mwenyewe. Yule mama hakuwa na bati, akanipa mfuniko. Ni kwa mama mwenye cherehani, huko nyuma ya ghala la mbao."

Fundi hakujua kwamba mama huyo ni wangu. Kwake mimi ni dada wa duka. Na kaka amepanga mtaa mwingine, watu wa tawi wanamjua huko huko, kwa mama wala hawajawahi kukanyaga.

Mmoja akasema basi twendeni tukamsalimie mfadhili. Akaichukua nyundo iliyokuwa kwenye rafu, nyundo yangu ya kuuza, wala hakuuliza bei. Fundi akasema kwanza wampitie Mwenyekiti, jambo zito kama hili haliendewi bila kiongozi.

Nikampigia kaka, hapokei. Nikampigia mama, inaita mpaka inakata, maana mama akishika cherehani hasikii kitu. Nikamuaga bosi kwamba nyumbani kuna mgonjwa, nikatoka mbio na aproni yangu ya dukani.

Nilimkuta mama anapinda gauni la mtu. Nikamwambia tutoke kupitia nyuma, twende kwa jirani, nitamweleza huko. Akanitazama juu ya miwani, akaniuliza gauni la watu amwachie nani.

Inabidi mumjue mama yangu. Ukigonga geti lake, hakuulizi wewe ni nani. Anasema karibu kwanza, halafu ndiyo anakuja kuona amemkaribisha nani. Tumemsema sana kwa hilo, akawa anajibu kwamba mtu mbaya hagongi.

Nikasikia miguu mingi. Halafu jiwe likatua kwenye geti, ule mfuniko ukalia kama kengele.

"Karibuni," mama akaitika.

"Mama, usifungue!"

Alikuwa ameshafika. Mimi namvuta gauni huku, yeye anavuta komeo kule. Geti likafunguka.

Walijaa njia nzima. Nyundo niliiona, mawe niliyaona, na simu zilizoinuliwa juu kurekodi. Mbele kabisa, akiwa amesukumwa na watu wake mwenyewe, alisimama kaka. Alikuwa anawaambia kwa sauti iliyokauka kwamba mageti yanafanana, warudi, hii siyo nyumba yenyewe.

Mama akamuona. Uso ukamchangamka.

"Mwanangu, kumbe ni wewe. Mbona hukuniambia unaniletea wageni, ningepika."

Hakuna aliyetikisika. Mama akageuka kwangu akaniagiza viti.

Nilitegemea aibu iwamalize pale pale. Haikuwa hivyo. Fundi alimtazama mama, akamtazama kaka, akaitazama picha, na nikaona hesabu mbaya inajipanga kichwani mwake.

"Mwenyekiti," akasema polepole, "kumbe mfadhili wa Weupe ni mama yako. Kwa hiyo aliyetuuza ni wewe."

Mkono mmoja ukamshika kaka kola. Wa pili ukamshika mkanda. Kaka angejitetea vipi? Picha aliisambaza mwenyewe, na maneno ya chini yake ni yake mwenyewe. Nyumba aliyoiita ya rushwa ndimo alimozaliwa.

Wadau, hapo ndipo nilipobanwa. Nikinyamaza, wanamuua kaka mbele ya mama. Nikisema, simu zote zile zinarekodi, na refa mwenye mchumba ambaye ni dada wa mwenyekiti wa tawi hana filimbi tena. Mwenzangu aliipenda ile filimbi kuliko shibe.

Nikasema.

"Alikuja kwangu. Huyo refa ni mchumba wangu. Alikuja kumsalimia mama."

Mwenye nyundo akasema namtetea kaka yangu. Nikamwambia atazame pembeni ya picha, halafu atazame dirisha letu la jikoni. Pazia la njano lilikuwa pale pale, na fundo lake. Shingo zikageuka zote. Nikawaambia mpiga picha alikuwa ndani, na Ijumaa jikoni alikuwepo mtu mmoja.

Mama naye alikuwa analitazama pazia. Alipogeuka, ule uchangamfu wote ulikuwa umemtoka.

"Ijumaa ulisema tumbo linakuuma," akamwambia kaka.

Kaka akainama.

"Ulimfanya nini mgeni wangu?"

Wale waliomshika walimwachia. Sijui kwa nini, labda kila mmoja alimsikia mama yake. Kaka akaongea akiitazama ardhi. Alimtambua refa palepale. Namba yake aliitoa kwenye simu yangu nilipokuwa namsindikiza mgeni. Usiku akamwandikia kwamba Jumapili aikumbuke Zambarau, maana posa ile mwenye sauti ni yeye. Jumapili goli lilipokataliwa, akaona amedharauliwa. Akaisambaza picha kwa laini ngeni. Alidhani geti ni geti tu, hakuna wa kulijua.

Mmoja nyuma akanong'ona kwamba basi Mwenyekiti alikuwa anawapigania. Wakamtazama, akajificha nyuma ya mwenzake.

"Na yeye alikujibu nini?" mama akauliza.

"Mama, tuyaache."

"Alikujibu nini?"

"Alisema, Jumapili nitakuwa refa. Jumatatu nitakuwa shemeji yako."

Nililia, sitawaficha. Siku zote zile mwenzangu alikuwa ameibeba ile meseji kimya, hakuipeleka kwa wakubwa wake wala kwangu, ili nisimchukie kaka yangu.

Nyundo iliwekwa chini taratibu, kama vile imewaka moto. Mmoja mmoja wakaanza kuondoka bila kuaga. Fundi alibaki akiupapasa ule mfuniko, jiwe lilikuwa limeung'oa upande mmoja. Akasema atakuja kuuchomelea bure. Mama akamjibu auache hivyo hivyo.

Jioni ile ile, jua halijazama, mwenzangu alifika. Video ilikuwa imeshamfikia, na simu ya kumsimamisha urefa pia. Nilimwomba radhi mpaka maneno yakaniisha. Alichosema ni kwamba leo ni Jumatatu, akaomba aingie amsalimie mama.

Fundi alikutana naye getini akiondoka. Akasimama, akajikuna, hakuweza kujizuia.

"Shemeji, nisamehe. Lakini lile lilikuwa bega."

"Mkono," mwenzangu akamjibu, akaingia ndani.

Ningependa kuwaambia mambo yaliishia hapo. Hayakuishia.

Ukweli ulisambaa mtaani kwetu tu. Picha ilikwenda mbali zaidi. Mpaka leo inazunguka kwenye magrupu ya watu nisiowajua, na maneno yake yale yale, nyumba ya mfadhili. Kila wiki ya watani inafufuka. Asubuhi moja tulikuta ukuta umeandikwa kwa rangi maneno nisiyoweza kuyaweka hapa. Siku nyingine pikipiki ilisimama nje ya geti, injini ikiwaka, muda mrefu, halafu ikaondoka. Kaka amefuta, ameomba, ameandika maelezo marefu. Hayo maelezo hakuna anayeyasambaza.

Ninyi mnaosoma hapa, na najua wengi wenu mna picha ya refa fulani kwenye simu zenu sasa hivi: kabla hujaituma, ikuze kwanza. Tazama pembeni. Nyumba hiyo ina mtu ndani, na siku utakapomjua utakuwa umeshachelewa.

Posa yangu imepangwa, na wa kuipokea ni kaka, hatuna mwingine. Jana alikuja kuomba msamaha rasmi, amevaa shati la pasi, na kitenge cha kumpa mama begani. Mimi nilikuwa jikoni, nikamuona kupitia dirishani, juu ya geti, kichwa na mabega tu.

Akagonga.

Nilisubiri ile karibu ya mama. Sauti ya cherehani ilikatika. Kisha nikamsikia mama yangu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, akiuliza:

"Nani?"

"Ni mimi, mama."

"Mimi nani?"