Zamu ya Marehemu Bashige

Harufu ilianza mchana, saa ambayo mtaa wote wa Birere unanuka samaki na moshi wa pikipiki. Hii ilikuwa harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, ndani ya ofisi yenye sakafu ya saruji. Nabintu alifungua dirisha, ikazidi.

Ofisi hiyo ya zahanati ilikuwa na kompyuta tatu zilizounganishwa kwa waya, bila mashine kubwa ya kuziamuru. Kila moja ilitunza nakala yake ya majina ya wagonjwa. Wawili wakiandika kwa pamoja, kazi ya mmoja ilifutika. Ndiyo maana makarani watatu wa hapo walipokezana kijiti, na asiye nacho hakugusa kitu. Mwenye kijiti akiandika, nakala zote zilimfuata. Papa Bashige alipofariki, wenzake hawakuwa na moyo wa kumruka. Zamu yake ilipofika walikiweka kijiti mezani pake, wakanyamaza kidogo, kisha wakaendelea. Ni heshima nzuri, lakini ukiacha kiti wazi usishangae akikikalia usiyemwalika.

“Papa Buhendwa,” Nabintu alinong’ona, “ni nani iko naandika?”

Kibodi ya Bashige ilikuwa ikibonyea yenyewe. Kwenye skrini zote, jina la Charline likapata neno jipya: amekufa. Charline, mdogo wake Nabintu, aliyejifungua asubuhi wodini, nyuma ya ukuta wa ofisi.

Mzee Buhendwa alifanya ishara ya msalaba. “Njo ilifanya vile jana kwa ule mama mugonjwa wa Kibati. Mbele ya jua kuzama, akakufa kweli.”

“Na ulinyamaza?”

“Niliogopa, mama.”

Nabintu naye aliogopa, tena sana, lakini hasira ilimtangulia. Akakinyakua kijiti mezani pa Bashige, na kijiti kikamvuta, baridi, kana kwamba kuna mkono upande wa pili, naye akavuta na kuvuta huku harufu ikimjaa kooni, hata kikamponyoka yule asiyeonekana, na hapo hapo akajibwaga juu ya kiti cha Bashige, akahisi magoti ya mtu chini ya mapaja yake, wala hakunyanyuka.

“Mutu bila kijiti haandike!” Akaandika: mzima. Kibodi ikahangaika chini ya vidole vyake, neno lisibadilike. Akakaa hivyo mpaka jua likazama, machozi yakimtoka.

“Ya Nabintu!” Charline alimwita dada yake kutoka wodini. “Uji yangu iko wapi?”

Buhendwa akatoka mbio kwenda jikoni, akicheka na kulia.

“Mama, leta kijiti,” sauti ya Buhendwa ikasema nyuma ya kiti, kwa adabu. “Njo zamu yangu.”

Dirishani, Nabintu alimwona Buhendwa akivuka ua, bakuli la uji mikononi. Nabintu hakugeuka nyuma. Alikiingiza kijiti kifuani, chini ya kitenge.

“Zamu yako haiko,” alisema. “Leo haiko, kesho haiko. Kama unakitaka, kuya ukikamate.”

Akangoja. Hakuna aliyekuja. Akainuka, akaenda kumpakata mtoto wa mdogo wake.