Fundi Aliyechelewa kwa Makusudi

Zilibaki dakika chache sanduku la zabuni lifungwe, na ukumbi wa ile ofisi ya zamani ulijaa watu kama siku ya mshahara. Waliovaa suti walikuwepo, waliovaa kandambili walikuwepo, na kila mtu bahasha mkononi. Serikali ilikuwa imetangaza mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba ofisi zake zisirundikane zote katika jiji moja, nyingine zihamie mikoani ili na huko watu wapate kazi, na kwamba kazi ndogondogo za kuhama huko wapewe mafundi wadogo wenye vikundi, siyo matajiri wale wale wa kila siku.

Kijana mmoja seremala aliingia mbio, penseli sikioni, vumbi la mbao limemkaa kwenye nywele kama mtu aliyemwagiwa unga. Akajipenyeza mpaka mezani kwa binti wa masjala, yule anayepokea na kutunza barua na mafaili yote ya ofisi. Binti alivaa gauni la njano la marinda, na miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba.

"Dada, nisaidie. Bado naweza kutumbukiza?"

"Utatumbukiza nini na bahasha iko wazi?"

"Gundi imenikaukia."

"Seremala mzima unakosa gundi?"

"Gundi yangu mimi ikishika haiachii, dada. Nikiipaka hapa, mtaifungua barua yangu kwa patasi."

Binti akacheka mpaka foleni nzima ikageuka kutazama. Akamsogezea kichupa chake cha gundi, na ndivyo ilivyoanza.

Fundi alipata ile kazi, yeye na wenzake wawili wa kikundi. Walitakiwa kutengeneza masanduku mia tatu ya mbao ya kusafirishia mafaili. Ofisi iliwapa nafasi uani, chini ya bati, na dirisha la masjala lilitazama pale pale. Ah, miezi ile! Harufu ya mbao mbichi ilipanda dirishani ikakutana na harufu ya karatasi za zamani na wino wa mihuri. Sauti ya nyundo ikawa ndiyo saa ya binti. Ikinyamaza, alijua fundi anakunywa chai, naye alitafuta sababu ya kushuka.

"Nimekuja kupima," alisema, amebeba faili moja kwapani.

"Jana umepima."

"Jana nilipima urefu. Leo nimekuja kupima tabia."

"Na imepungua kwa inchi ngapi?"

"Itategemea kama hilo andazi unakula peke yako."

Simu nazo zilikuwa haziishi.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Niko uani. Nakuona kabisa hapo dirishani."

"Sasa kama unaniona, simu ya nini?"

"Napenda kuona unavyojikausha ukiwa unaongea na mimi na mkuu wa utawala amesimama nyuma yako."

Binti aligeuka haraka. Mkuu wa utawala kweli alikuwa nyuma yake.

Nyumbani, binti alikaa na mama yake katika vyumba viwili vya kupanga. Mama alikuwa mtu wa wasiwasi, na mwenye mtoto mmoja atanielewa. Kila jioni, akimenya vitunguu, aliuliza swali lile lile.

"Huyo fundi wako amesema nini?"

"Kuhusu nini, mama?"

"Kuhusu wewe! Ofisi inahama na wewe unahama nayo. Usipokwenda, kazi huna, na mimi na wewe tutakula nini? Yeye je?"

"Hajasema."

"Mtu asiyesema ni mtungi uliofunikwa, mwanangu. Hujui una maji au una nyoka."

"Mama, atasema."

"Muulize!"

Hakumuuliza. Aliona aibu, mwanamke aanzeje kuuliza. Na fundi naye hakusema, maana aliona atasema nini, mtu ambaye kazi yake ni ya miezi minne. Wote wawili walicheka sana, walitaniana sana, na lile neno moja kila mmoja alilikwepa kama dimbwi njiani.

Sasa sikilizeni ilipoharibika.

Siku moja barua ilipita masjala, imepigwa muhuri wa siri. Ilisema kwamba fundi wa masanduku akimaliza yote kwa tarehe iliyopangwa, apewe pia kazi ya kutengeneza rafu na meza za ofisi mpya huko mkoani, kazi ya mwaka mzima, pamoja na karakana. Asipomaliza, kazi hiyo itafutiwe fundi wa huko huko. Binti aliisoma amesimama, akairudia mara mbili kwa furaha. Lakini watu wa masjala hula kiapo cha kutunza siri. Barua ya siri hata mama yako mzazi humwambii. Akaifungia kabatini, akashuka uani anakimbia, gauni limeshikwa kwa mkono mmoja.

"Fundi, nakuomba kitu kimoja. Usichelewe."

"Kuchelewa nini?"

"Masanduku. Yamalize kwa tarehe. Tafadhali, kwa ajili yangu."

"Una haraka ya kwenda?"

"Wewe maliza tu, utaona."

Akapanda ngazi akiimba. Fundi akabaki ameshika msumari. Kumbe ana haraka, aliwaza. Kumbe mimi nahesabu siku zilizobaki nikiomba zisiishe, yeye anahesabu ili ziishe. Tangu ampende, kila sanduku alilolifunga lilimuuma, maana alijua anamfungashia mpenzi wake safari kwa mikono yake mwenyewe. Na leo mwenyewe anaambiwa akaze mkono!

Hakuuliza tena. Akaamua kumchelewesha.

Mbao zilizokauka akasema zina maji. Misumari iliyokwisha kupigwa akaing'oa, eti imekaa upande. Wenzake wakashangaa.

"Kiongozi, sanduku hili tumelipiga msasa mara mbili. Hili ni la kuwekea mafaili au la kuwekea bibi harusi?"

"Kazi ya serikali hii. Rudieni."

"Tarehe inakaribia."

"Tarehe ni ya kwao."

Binti kutoka dirishani aliona. Kila siku alipiga simu, "Mpenzi, yamefika mangapi?" na kila alivyouliza, ndivyo fundi alivyozidi kuumia na kuzidi kupunguza mwendo. Mapenzi yenye ulimi mzito hujichimbia shimo kwa bidii kuliko adui.

Tarehe ikafika. Masanduku mia na themanini. Mafaili yaliyobaki yamelundikana sakafuni, mkuu wa utawala anafoka korido nzima. Mkataba ukafutwa siku hiyo hiyo. Wenzake wawili walikusanya misumeno yao bila kumtazama. Mmoja alisema tu, "Tulikuamini, ndugu," akaondoka.

Binti alimkuta fundi ameketi juu ya sanduku.

"Umenifanyia nini?"

"Nimekufanyia nini? Si unakwenda? Nenda."

"Nilikuomba! Nilikubembeleza kila siku!"

"Ulinibembeleza nikuharakishe kuondoka. Ulitaka nishangilie? Kila ubao niliochelewesha, nilikuwa nakubakiza siku moja zaidi."

 Kwa kuwa kazi ile ilikwisha kupotea na barua haikuwa na siri tena, binti akamweleza yote: rafu, karakana, mwaka mzima.

Fundi aliinama. "Ungeniambia."

"Nimekula kiapo! Wewe ulikula kiapo gani? Ungeniuliza, 'Unanitaka au hunitaki?' Maneno matatu tu, yangekupasua mdomo?"

Malori yaliondoka Jumatatu. Mama alimfunga binti yake kitenge mabegani, akamwekea chapati kwenye kopo, akasimama njiani mpaka vumbi likatua. Fundi hakutokea. Fundi alipopiga simu, binti hakupokea. Binti alipopiga, fundi alikuwa amezima. Wiki zikapita hivyo.

Mji ule mpya ulikuwa na upepo na barabara pana zisizo na watu. Ofisi ilinuka rangi mbichi. Binti alijipatia chumba, akalijua duka la kununulia mkate, lakini asubuhi alikuwa akisimama dirishani bila kujua anasikiliza nini. Chini hapakuwa na nyundo. Akamkumbuka fundi kwa hasira, kisha kwa kicheko, kisha kwa machozi, yote kabla ya saa nne.

Mwezi wa tatu tangu ahamie, mafundi wa rafu wakaja. Kazi ilikuwa imepewa mzee mmoja wa mkoa ule, wanamwita Mzee Randa, mkali kama msumeno mpya. Aliingia masjala akitoa amri, nyuma yake vibarua wanne wamebeba mbao. Wa mwisho alikuwa na penseli sikioni.

Binti akavua miwani, akaivaa tena.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Nimebeba mbao."

"Za nani?"

"Za Mzee Randa. Mimi kibarua wake." Jasho linamtiririka, shati limechanika begani. "Niliposikia amepewa kazi ya rafu, nilimfuata kijijini kwake, nikamwomba. Alinicheka siku mbili. Ya tatu akanipa msasa."

"Wewe uliyekuwa na kikundi chako? Leo unamsugulia mtu mwingine mbao katika kazi ambayo ingekuwa yako?"

"Njia ya heshima niliiharibu mwenyewe. Imebaki hii."

Binti alitaka kumtukana. Badala yake akamfuta vumbi usoni kwa ncha ya kitenge, akiwa anamgombeza, "Mjinga wewe. Mjinga mkubwa." Kisha akachukua simu.

"Mama, shikamoo. Fundi yuko hapa."

"Yupi?"

"Mama, kwani ninao wangapi?"

"Weka sauti nimsikie."

Fundi akajikohoza. Vibarua wakatua mbao, wote wamesimama, hata Mzee Randa ametega sikio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una neno?"

Fundi akamtazama binti, akatazama sakafu, kisha akasema taratibu, "Nampenda binti yako, mama. Nataka kumuoa. Sina karakana, sina kikundi, nina mikono tu. Wazee wangu watakuja kwako, ukiniruhusu."

"Sikusikii. Rudia."

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

"Mtandao mbaya huku. Rudia, baba."

Akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na vibarua wakapiga makofi. Kule jijini, mama alikuwa ameketi kitandani, simu sikioni, anajifuta macho. Alikuwa amesikia vizuri tangu mara ya kwanza.