Mtego wa Thelathini na Saba

Njano ilikuwepo. Mama Mitego aliiona kwa macho yake mawili: vishimo vitano vya sahani ya kipimo vilikuwa vimegeuka rangi ya kiini cha yai, maana yake panya watano wa porini walikuwa na alama ya kirusi kwenye damu yao. Akaenda kumwita Mkuu wa maabara chumba cha pili, hatua kumi kwenda, kumi kurudi. Walipofika, sahani nzima ilikuwa maji matupu.

"Mara ya nne hii," Mkuu alisema, akavua miwani. "Mara ya nne unaninyanyua kitini kuja kutazama maji."

"Nimepiga picha, Mkuu." Akafungua simu haraka. Hata kwenye picha njano haikuwepo.

Mkuu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa ushahidi. Bila njano hasaini barua, na bila barua hakuna wa kuwahamisha watu waliogawiwa viwanja ng'ambo ya korongo, ubavuni mwa pori. Wawili walishazikwa kwa homa. Na kati ya waliojenga huko alikuwemo mdogo wa kiume wa Mama Mitego, mbishi aliyezaliwa na ubishi wake. "Dada, leta barua," ndilo jibu lake kila siku. Mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, ndiye aliyekuwa akilia kwenye simu: "Wifi, nitoe huku. Panya wanapita juu ya chandarua."

Mama Mitego alitamani kuipigiza ile sahani ukutani. Wiki tatu za kudamka, kutega, kung'atwa vidole na kuwatoa panya damu tone kwa tone, halafu jibu linayeyuka mkononi! Akarudia kipimo upya, na saa saba mchana, wenzake walipokwenda kula, akavuta kigoda akakaa mbele ya sahani. Leo haondoki.

Njano ikatokea. Kisha nyuma ya friji kukakwaruzwa, polepole, na harufu ya manyoya yanayoungua ikamfika puani, akajiambia ni waya wa umeme, akajiambia ni joto, huku shingo yake ikipoa kama mtu aliyepuliziwa kwa karibu, na mbele ya macho yake kishimo cha kwanza kikafifia, kikafuata cha pili, cha tatu, kana kwamba kuna aliyeinama pale akiifyonza ile rangi bila haraka, na kilipokwisha cha tano akasikia, karibu kabisa na sikio lake, koo likimeza.

Alitoka mbio, akamgonga mama wa usafi, ambaye wote walimwita Shangazi, na ndoo yake.

"Umelisikia?" Shangazi akanong'ona.

"Kumbe unajua?"

"Kila asubuhi nafagia nyayo zake. Za panya, mwanangu, lakini anayetembea kwa miguu miwili."

"Na ukanyamaza!"

"Ningemwambia nani? Nyinyi wasomi?" Kabla ya kushika ufagio, Shangazi alikuwa akipunga majini pamoja na mama yake, na hilo kazini hakulitangaza. "Niambie. Mmetoa nini porini ambacho hamkukirudisha?"

Swali lilimchoma. Sheria ya kazi yao ni moja: panya akishatolewa damu, hurudishwa palepale alipokamatwa, kwenye kigingi chenye namba ya mtego wake. Lakini wiki tatu nyuma mvua ilinyesha, korongo likafurika, na alibaki panya mmoja wa mtego wa thelathini na saba. "Panya ni panya," Dereva wa maabara alimwambia. "Mwachie hapa uani, atapata majirani wapya." Wakacheka, akamfungulia. Yule panya hakukimbia. Aligeuka, akamtazama, akaingia maabara kupitia mlangoni kama mwajiriwa.

"Huyo hafukuzwi," Shangazi alisema. "Ana kwake. Mrudisheni, la sivyo atakula kazi yenu yote."

Wakautega mtego uleule nyuma ya friji. Shangazi akapiga magoti, akasema maneno yake kwa sauti ya chini, na kimlango cha bati kikajifunga: pa! Kisanduku cha kubebwa kwa vidole viwili kikawalemea watu wawili.

"Tumekamata panya au jiwe la kusagia?" Dereva alihema.

"Si ulisema panya ni panya? Beba."

Walivuka korongo lililokauka, kifaa cha kuonyesha njia kikihesabu mita: mia mbili, kisha themanini, na mzigo ukizidi uzito kila hatua. Njia haikwenda porini, bali ilikata katikati ya viwanja vipya, ikapita nyumba ya kwanza, ya pili, ikaingia uani kwa mtu, mpaka kwenye mlango wa chumba kipya cha udongo ambao bado haujakauka. Kifaa kikasema mita tatu. Ndani, kando ya kitanda, Mama Mitego akakiona kigingi chenye kichwa chekundu, namba thelathini na saba. Chumba kilikuwa cha mdogo wake, na kigingi alikifungia kamba ya chandarua.

"Tugeuze," alimwambia Dereva.

"Tukirudi nacho, barua utaipata wapi?"

Wakakitua kisanduku chini, mbele ya mlango.

"Wifi! Karibu, jamani, lete nikupokee!" Mke wa mdogo wake alikuwa ameshatoka. Kabla hajazuiwa, alikinyanyua kisanduku kwa mkono mmoja. "Mbona chepesi? Hakina kitu."

Kimlango kilikuwa bado kimefungwa.

Simu ikalia. "Njano!" Mkuu alipiga kelele. "Vishimo vitano, na haifutiki! Nasaini sasa hivi, kesho magari yanakuja kuwahamisha."

Machozi yalimtoka Mama Mitego. Alimfuata wifi yake ndani, akamshika mkono. "Funga mizigo, wifi. Barua imepatikana. Unatoka huku."

Mwanamke yule aliutoa mkono wake taratibu. Akakaa kitandani, akakipapasa kile kigingi kwa kidole, akatabasamu.

"Nihame niende wapi?" alisema. "Mimi nimerudi leo."