Rundo la Kati

Machimboni, nje ya Geita. Jumapili, Agosti 1982. Saa sita mchana.

Bartholomeo alimwaga vifungo mezani. Vya shati na vya koti. Kila kimoja kilikuwa na tundu la ziada, limetobolewa kwa msumari wa moto.

"Hizi ndizo pesa za mle ndani," alisema. "Unampa Mama Febronia noti, anazifungia sandukuni, anakupa vifungo. Ukiondoka unarudisha vifungo, anakupa noti. Sisi tunalitaka sanduku."

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha fundi baiskeli. Bartholomeo, mkubwa wao, aliwahi kuendesha lori la pamba Shinyanga. Marselino alikuwa na Landrova. Theonest alikuwa kijana mwembamba, hodari wa karata. Mbuke, dada yake, alikuwa na beseni la karanga. Yeye na Theonest walifika machimboni siku tofauti, na hakuna mchimbaji aliyejua kwamba ni ndugu.

Mgodi wa zamani ulipofungwa, wageni waliondoka wakaacha mashimo na mchezo wa poka. Wachimbaji waliurithi. Kila Jumapili walicheza nyuma ya kilabu cha Mama Febronia, katika chumba chenye mlango wa uani uliofungwa kwa komeo la ndani. Mchezaji aliyebanwa na mkojo alilifungua mwenyewe.

"Theonest, rundo lako liwe la kati," Bartholomeo alisema. "Ukibaki na vifungo vichache, mwenye vingi atakusukuma mara moja tu, unatoka mezani. Ukiwa na vingi, meza nzima itakukodolea macho. Ukinyanyuka watasema unakimbia na mali yao. Lakini mwenye rundo la kati akienda kukojoa, nani atahangaika naye?"

"Nikipungukiwa?"

"Mbuke atakuletea noti ndani ya karanga. Vifurushi viwili. Anakupa kimoja. Cha pili ni cha dharura."

"Nikizidi?"

Marselino alicheka. "Wewe? Uzidi?"

"Wanunulie watu bia. Shindwa makusudi. Ila usizidi. Saa tisa mgambo wote wako mpirani. Nikigonga mara tatu, unafungua komeo." Bartholomeo alimgeukia Mbuke. "Wewe ndiye uliyemleta. Asipofungua, nitakudai wewe."

"Atafungua. Ni mdogo wangu."

"Sikuuliza ni nani wako."

Saa nane mchana.

"Mwadila, mayu," Mbuke aliamkia, beseni kichwani.

"Mwadila," alijibu Mama Febronia. Alikuwa amekalia sanduku. "Uza upesi. Usiwasimamie watu shingoni."

Wachezaji walikuwa sita. Mbele ya Donatus, mchimbaji mwenye mabega kama mlango, vifungo vilijaa tele. Mbele ya Theonest vilibaki vichache mno.

"Dogo," Donatus alisema, "hivyo havitoshi hata kushonea kaptula ya mwanangu."

Watu wakacheka. Theonest hakucheka. Jasho lilimtoka puani.

Mbuke aliliona lile jasho. Aliambiwa ampe kifurushi kimoja. Lakini akilini aliiona shingo yake mwenyewe, na mikono ya Bartholomeo. Mdogo wake akitolewa mezani, nani atafungua komeo? Akampa vyote viwili.

Theonest alinunua vifungo. Sasa rundo lake halikuwa la kati tena.

Karata ziligawiwa. Donatus alisukuma rundo kama alivyozoea, apate kumtisha. Safari hii Theonest hakuziweka karata chini. Alibadili moja, akaitazama, akasukuma vifungo vyake vyote katikati.

"Umechoka kukaa?" Donatus aliuliza. "Haya. Naona." Akaweka vifungo vya kulingana.

Theonest alifunua karata zake. Ree tatu.

Akavivuta vifungo vyote kwake. Mbuke akatoka na beseni lake.

Saa tisa kasorobo.

Aliporudi, hakuna aliyeuliza bei ya karanga. Vifungo vya koti vilisimama mbele ya Theonest kama vichuguu. Donatus alibaki na vichache. Alitafuna kijiti cha kiberiti na kumtazama kijana bila kupepesa. Wote walimtazama.

Wawili waligombania sigara, kelele zikapanda. Mbuke akainama na karanga.

"Nenda kakojoe," alinong'ona.

"Siendi."

"Agiza bia basi. Punguza."

"Nipunguze nini? Fungu langu kwenu ni robo. Hapa nina zaidi ya nusu ya sanduku." Theonest aliongea huku akitafuna. "Mkilibeba, mnaniibia mimi. Hivi vitabaki vifungo tu."

"Ataniua, Theo."

"Mwambie asubiri Jumapili ijayo."

Saa tisa.

Uwanjani watu walipiga kelele za goli. Kisha mlango wa uani ukagongwa. Mara tatu, polepole.

Theonest aliomba karata mbili.

Mbuke alisubiri. Mlango haukugongwa tena. Alijua hautagongwa tena, na alijua atakayetafutwa baadaye. Akabeba beseni kama mtu anayekwenda kumwaga maganda. Akafika mlangoni. Akainua komeo.

Bartholomeo aliingia na gobole, uso ndani ya kiroba kilichotobolewa macho.

"Chini! Wote chini!"

Wakalala. Mama Febronia alilisukuma sanduku kwa mguu. Aliyebaki amekaa ni Theonest, amevikumbatia vifungo vyake kwa mikono miwili.

"Chini, wewe!"

"Nilipe kwanza."

"Nimesema chini."

"Nilipe vyangu kwanza, Bartholomeo! Halafu beba kilichobaki!"

Jina likatoka. Haliwezi kurudi.

"Bartholomeo wa lori?" Donatus aliuliza kutoka sakafuni.

Gobole likalia. Moshi ukajaa chumbani, vifungo vikamwagika.

Lakini gobole husema mara moja. Lisipojazwa baruti upya ni gongo tu, na machimbo mazima yanajua hivyo. Donatus alikuwa wa kwanza kuinuka. Aliinuka na benchi.

Nje, Landrova iliunguruma. Mlio ukaelekea barabarani, ukafifia. Marselino alikuwa amesikia mlipuko ambao haukuwa kwenye mpango, na hakungoja kuelezwa.

Wachimbaji walipomaliza kumpiga, Bartholomeo hakuwa akitikisika. Theonest alilala ubavu, mkono tumboni, damu ikipita kati ya vifungo. Alimtazama Mbuke. Hakumwita.

"Nani alifungua komeo?" Mama Febronia aliuliza.

Damu ya mdogo wake ilifika kwenye kandambili za Mbuke. Hakuuondoa mguu. Akanyoosha kidole.

"Ni yeye. Nilimwona akienda kukojoa, akaliacha wazi."

Theonest alifumba macho. Hakubisha.

Donatus alijifuta mikono kwenye suruali, taratibu.

"Huyu? Tangu achukue vifungo vyangu sijaondoa macho kwake. Nilikuwa namngoja athubutu kusimama. Hakusimama."

"Hata mimi nilimwangalia," mwingine akasema. "Hakutoka pale."

"Hata mimi."

Mama Febronia aliutazama mlango. Akayatazama maganda ya karanga, yaliyomwagika hapo hapo chini ya komeo.

Kisha wote wakamgeukia Mbuke.