Jina la Msichana wa Kisimani

Mtoto wa Beverlyne alinyamaza ghafla mno. Mtoto wa kawaida akibembelezwa hupunguza kilio polepole, akabaki na kwikwi, mwishowe akashusha pumzi na kulala. Huyu alikatika kama taa stima inapopotea, mdomo ungali wazi, na macho yake makavu yakageukia televisheni. Mama mtu alipoona hivyo akacheka. Laiti angejua, angelia yeye.

Beverlyne alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, yuko likizo ya uzazi katika nyumba ya kupanga mtaa wa Amalemba, mjini Kakamega. Mumewe Weldon alifanya kazi kiwanda cha sukari upande wa Butali na kuja nyumbani wikendi tu. Enzi za chuo Beverlyne alikuwa mgonjwa wa tamthilia za Kikorea. Wenzake walisoma, yeye alilia na malkia walionyang'anywa watoto. Ndoa ndiyo iliyomwachisha, maana Weldon aliapa hawezi kukaa nyumba moja na wanaume wanaolia huku wamepaka poda. Sasa Weldon hayupo, mvua inanyesha kila alasiri, na jirani yake Swafia, binti wa Mumias mwenye duka la muvi hapo barabarani, akamjazia flashi ili apitishe muda. Yale mapenzi ya zamani yakarudi na mizigo yake yote. Alianza na ile ya mpishi anayempenda wakili wa adui yake, ikafuata ya ndugu wawili wa duka la tambi, kisha akazama katika Kisima cha Malkia, ambamo kijakazi wa ikulu aitwaye Sorin anatupwa kisimani kwa kosa lisilo lake.

Tatizo lilikuwa mama mkwe. Zipporah alikuja kutoka Musanda kulea mjukuu, na alikuja na jina mkononi. Alitaka mtoto aitwe Cindy, jina la binti yake aliyefariki mwaka uliopita. Cindy na Beverlyne hawakuwahi kupikika chungu kimoja. Siku ya harusi Cindy alikataa kula mbele ya wageni wote, akasema tumbo la yule mwanamke halitaleta kitu katika boma lao. Naye Cindy alipolazwa, Beverlyne hakukanyaga wodini, na siku ya mazishi alibaki ndani ya gari akila karanga. Kumpa mtoto jina hilo aliona ni sawa na kumkabidhi mwanawe kwa adui, na Weldon aliambiwa hivyo bila kufichwa.

Lakini kwao kuna desturi. Mtoto mchanga akilia bila kukoma, wakubwa huwaita marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Siku ile mtoto alikuwa amelia tangu asubuhi. Zipporah akavuta kigoda, akampakata.

"Kama ni wewe Nekesa, mwachilie mtoto anyonye. Kama ni wewe Ayuma, sema. Kama ni wewe Cindy, mama, Cindy..."

Mtoto akazidi kulia. Zipporah akarudia majina yote, na kila alipofika kwa Cindy alilivuta jina, akamtikisa mtoto kidogo magotini. Beverlyne aliiona hila hiyo. Alijua mtoto akichoka tu na kunyamaza hapo, maneno yamekwisha, hata Weldon hatasikia la mtu. Kwenye televisheni walinzi walikuwa wanamwinua Sorin ukingoni mwa kisima. Kabla mama mkwe hajafika tena kwa Cindy, Beverlyne akamkatiza kwa kejeli.

"Ama ni wewe Sorin?"

Ndipo mtoto akanyamaza.

"Nani huyo?" Zipporah aliuliza. "Alizikwa wapi?"

"Kwa kisima, Mama. Huko Korea."

"Ni mtu, ama ni wa hiyo TV?"

"Ni wa hadithi. Lakini si mlisema jina likimnyamazisha ni lake? Basi mtoto ameamua."

Zipporah alisimama na mtoto kifuani, kigoda kikaanguka. "Umeita mtu hayuko," alisema. "Sasa ni nani ameitika?"

Lilikuwa swali zuri, ila lilitoka kinywani mwa mtu asiyependwa, na maneno ya mtu kama huyo hayapati masikio. Beverlyne alifurahia utulivu wake. Mtoto akifungua mdomo tu, aliambiwa Sorin, akafunga. Habari hizo Beverlyne akazipeleka kwenye kikundi cha WhatsApp cha akina mama wa kliniki. "Mkitaka kulia, tazameni Kisima cha Malkia," aliwaandikia. "Mkitaka kucheka, ile ya duka la tambi. Swafia anazo zote. Na kama wako analianga sana, mwambie Sorin uone maajabu." Wakajaribu kwa mzaha, wakarudi kushukuru. Jina likawa linaitwa Amalemba nzima, kutoka dirisha hadi dirisha. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili lilikuwa limeshafika, na kila lilipoitwa lilikaa vizuri zaidi.

Kliniki, mtoto alidungwa sindano bila hata kukunja uso. "Ona mtoto mtulivu!" nesi alisema, kisha akaangalia mzani na kuacha kutabasamu. Mtoto alikuwa anapungua. Aliishika chuchu vizuri, lakini maziwa yalimtoka pembeni ya mdomo yakalowesha shingo, na macho yake muda wote yalikuwa kwa televisheni. Ngozi yake ilikuwa baridi kama sufuria iliyolala nje. Kisha ikaja harufu, ya maji yaliyolala, ya ukindu na kamba iliyooza, ikaanza kitandani pake na kuingia katika mapazia na nguo, hadi chai ya asubuhi ikawa na ladha ya kisima. Zipporah alipiga deki kwa dawa kila siku. Harufu haikutoka, na Beverlyne, ambaye sasa alikuwa na hofu, alijifanya haisikii.

Alasiri moja radi ilipiga, stima zikapotea. Beverlyne alikuwa jikoni akipepeta mchele aliposikia mtoto anacheka sebuleni, na kwa kuwa mtoto huyo hakuwa amecheka tangu azaliwe, alienda polepole, ungo mkononi, akamkuta kwenye kiti alipomlaza, ila sasa ameketi, mtoto wa miezi mitatu ambaye shingo haijakaza, ameketi wima bila mto, macho kwenye kioo cheusi cha televisheni, akicheka, akinyamaza kana kwamba anasikiliza, akicheka tena, na ndani ya kile kioo kiti kilionekana, mama mwenye ungo alionekana, lakini mahali pa mtoto palikuwa na mtu aliyeinamisha kichwa, nywele ndefu zimemfunika uso, zinadondosha maji, na yale maji Beverlyne aliyasikia yakidondoka, tap, tap, si kule kiooni bali hapa, kwenye sakafu aliyoipiga deki mama mkwe, karibu na vidole vya miguu yake.

"Hii nimemaliza," ilisema sauti. Ilikuwa ya mwanamke mzima, ikitoka katika mdomo usio na jino hata moja. "Tuweke ile nyingine. Ile ya mama anayezama katika tangi lake la maji ya mvua. Ni tamu, nakuambia. Mwishoni mtoto ananibakia mimi."

Ungo ulianguka, mchele ukatapakaa. Beverlyne hakujua kama alipiga kelele. Alichojua ni kwamba Zipporah alikuwa ameingia, na nyuma yake Swafia aliyekuja kuchukua flashi, na mtoto alikuwa amelala chali kama kawaida, kimya, nguo zake zimelowa chepechepe.

Swafia alinusa mara moja tu. "Bismillahi," alinong'ona, akarudi nyuma hadi mlangoni. "Bev, hii nyumba iko na mtu. Usimwache huyo mtoto na maji, hata beseni. Wacha nimpigie ami yangu."

Ami yake, Abdulnasir, alifika jioni kutoka Mumias, mzee mpole mwenye viatu vilivyojaa tope. Alitoa salamu, akaketi, akasoma kwa sauti ya chini huku mkono ukiwa juu ya kichwa cha mtoto. Alisoma kwa muda mrefu. Alipouondoa mkono, vidole vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo kutwa.

"Ni jini," alisema. "Lakini hakuvunja mlango, mama. Alikuta jina halina mwenyewe, mmeliweka juu ya mtoto kwa desturi yenu, akaingia kama mpangaji. Mimi nikimfukuza anarudi, maana jina bado linamngoja. Lazima mwenye haki alikalie. Na aliyeita mwanzo ndiye ataita tena."

"Afanye haraka," Swafia alisema, "wale wa kikundi bado wanamwita."

Beverlyne akaandika kikundini wasilitaje tena. Jibu lilikuja papo hapo: "Umeona wetu wametulia, sasa unaona wivu?" Mwingine akatuma sauti yake akimwimbia mwanawe jina hilo, na simu ilipolitoa, yule aliyelala kitini akatabasamu na kujinyoosha.

Beverlyne alipiga magoti. "Kama ni wewe Nekesa," alianza, na kitu kile kikacheka. "Kama ni wewe Ayuma." Kikacheka zaidi, maji yakitoka puani mwa mtoto. Aliita nyanya wa Weldon, akaita na wa kwao, wote wapole, wote wazee waliokufa usingizini, na kila jina lilipokelewa kwa kicheko hicho cha mwanamke mzima huku midomo ya mtoto ikigeuka rangi.

"Hao hawawezi," Zipporah alisema. Alikuwa amesimama ukutani, mikono imefungwa kifuani. "Unajua nani alikuwanga na roho ya vita katika hii boma. Unajua kabisa."

"Mwite wewe, Mama. Ni binti yako."

"Umeambiwa ni wewe. Ama unataka afe ndiyo ushinde?"

Beverlyne alimwangalia yule mwanamke na kumchukia kuliko alivyowahi kumchukia. Kisha akamwangalia mwanawe, kifua kidogo kinachopanda kwa shida, akaona chuki zote hizo hazina kazi.

"Kama ni wewe Cindy," alisema kwa sauti ya kukauka.

Kicheko kilikoma.

"Endelea," Abdulnasir alisema kwa upole. "Anasikia. Lakini haji kwa mtu asiyemtaka."

"Cindy, wifi yangu. Sikuja kukuona hospitali. Nilikaa kwa gari wakikuzika. Ulinitukana na nikakuchukia, na sijaacha." Alikuwa analia sasa. "Lakini huyu ni damu yenu. Mtu amemshika na mimi siwezi. Njoo ulichukue jina. Njoo, nakuomba, kaa."

Mlango wa nyuma uligongwa na upepo ukafunguka. Hakuna aliyeingia wa kuonekana. Lakini Zipporah alishika mdomo, na mtoto akapinda mgongo, akatapika maji, maji meusi yenye majani ya ukindu, mengi kupita tumbo la mtoto, yakafunika kiti, yakafunika sakafu, yakavutika kuelekea mlangoni kana kwamba kuna mtu anayekokotwa kwa nywele, na mkokoto ule ulisikika ukitoka kupitia jikoni, kucha zikikwaruza saruji, mpaka nje kwenye mvua. Kisha mtoto akalia. Kilikuwa kilio cha kweli, cha njaa, cha hasira. Na kutoka nyumba ya pili, na ya tatu, na ng'ambo ya barabara, watoto wa Amalemba wakaitikia, wote kwa pamoja.

"Alhamdulillahi," Swafia alisema, akakaa chini kwenye mchele.

Beverlyne alimnyakua mwanawe. Alikuwa na joto. Alimbusu, akamwita, akafungua blauzi. Mtoto aliacha kulia, akamtazama usoni, akamtazama vizuri, juu hadi chini. Kisha akabana midomo na kumgeuzia kisogo, akamnyooshea Zipporah mikono.

"Mwanangu," Zipporah alisema, machozi yakimtiririka, akampokea. "Mwanangu, umerudi."

"Mama, nipe mtoto. Ana njaa."

"Atanyonya akitaka. Si unamjua? Mwombe."

Mtoto sasa ni mnene, mwenye afya, na nesi wa kliniki anamsifu. Weldon ana furaha kwamba mke wake na mama yake hawagombani tena. Zipporah hajarudi Musanda na hakuna anayetaja habari za kurudi. Kila wakati wa kunyonyesha, Beverlyne huosha mikono, hupiga magoti mbele ya kitanda cha mwanawe, na kusema kwa adabu, "Wifi, naomba nimpe mtoto maziwa." Mtoto humtazama kwa muda. Siku nyingine hukubali.