Grâce Alijua Maji Yameshuka

Kila asubuhi Grâce alishuka mtoni kuosha sahani. Alikuwa na miaka tisa. Mama yake, Claudine, alikuwa amekufa, naye alilelewa na mama yake mdogo, Ursule. Mume wa Ursule, Bavon, alivua samaki kwenye maporomoko ya Kisangani. Vikapu vyake vikubwa vya fito vilifungwa kwenye magogo, midomo ikiwa ndani ya maji yanayokimbia.

Siku moja Grâce alirudi na sahani zake, akamwambia Bavon, "Papa, leo hakuna samaki."

Bavon alicheka. "Ah bon! Sasa wewe ndiye shefu, mukubwa wa mto?"

Vikapu vilitoka vitupu. Kesho yake Grâce akasema vilevile, na vikatoka vitupu. Siku ya tatu Bavon hakucheka.

"Mutoto huyu anajua namna gani?" alimwuliza mkewe. "Anafunga samaki yangu. Iko ndoki."

Ndoki, yaani mchawi.  Ursule aliwawaza watoto wake watatu, waliolala kitanda kimoja na Grâce. Aliogopa.

Bavon alilisema neno lile mbele ya majirani. Mtu mmoja wa maombi, aliyedai kufukuza uchawi, akaagiza mtoto akae siku tatu bila chakula, alale peke yake katika jiko la nje. Ursule mwenyewe ndiye aliyembebea mkeka.

Siku ya pili jirani yao, Mama Karima, alisikia habari, akaja. Yeye alikuwa mmoja wa kamati ya kulinda watoto ya mtaa. Alimkuta Grâce amelala kando ya mafiga, midomo imekauka.

"Ursule! Mutoto huyu alikula lini?"

"Juzi."

"Na wewe ulikula lini?"

Ursule akaanza kuwasha moto.

Karima aliagiza uji, akamnywesha mtoto kidogo kidogo. Kisha akamwuliza kwa upole, "Mutoto wangu, ulijua namna gani kama samaki haiko?"

"Pale ninaosha sahani kuko jiwe," Grâce alisema. "Likionekana, maji imeshuka. Vikapu inabaki juu, samaki inapita chini."

"Mbona hukumwambia papa hivyo?"

"Hakuna mutu aliniuliza."

Bavon alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote.

"Papa Bavon," Karima alisema, "mutoto alikuwa anakusaidia. Sheria ya inchi yetu inakataza kumwita mutoto ndoki. Mutu anaweza kuingia gereza. Na kumunyima chakula, ni kumuua polepole. Kama kuko shida ndani ya nyumba, uliza mutoto kwanza. Akiwa mugonjwa, mupeleke kwa munganga wa hospitali. Ukishindwa, njoo kwetu."

"Nimekosa," Bavon alisema. "Alors, nifanye nini?"

"Akule. Alale ndani. Arudi masomo. Na lile neno ulilisema mbele ya watu. Liondoe mbele ya watu."

Walimpeleka Grâce kwenye kituo cha afya. Alipopata nguvu, Bavon aliwaita majirani, akaomba msamaha kwa sauti ndogo. Ursule akasimama baada yake.

"Mimi sikuamini sana neno lile," alisema. "Lakini niliogopa, nikanyamaza. Mutoto wa dada yangu alilala na njaa, na mimi nikakula."

Alilia mbele yao wote.

Bavon alishusha vikapu chini zaidi. Samaki wakaingia, si wengi, lakini wa kutosha. Grâce alirudi shuleni. Lakini wakati wa kula alikaa pembeni ya wenzake, mikono yake mapajani, mpaka aambiwe. Ursule alipomwona hivyo, alimwita asogee.

Jioni moja, wakati wa kula, Grâce aliuliza, "Mama, na samaki ikikosa tena?"

"Tutakula majani ya muhogo tu, pondu tupu," Ursule alijibu. "Wewe utabaki hapa, pamoja na sisi."

Grâce alimtazama muda mrefu. Ursule hakugeuza macho. Kisha mtoto alisogea karibu, akanyoosha mkono mwenyewe, akamega ugali.