Kiti Kinachomfaa Saulo

Saulo alikuwa mpasua mbao huko Iyunga, Mbeya. Siku moja gogo lilimwangukia mgongoni. Alipona, lakini miguu yake haikusikia tena kitu. Kila asubuhi mkewe, Ikupa, alimtoa nje aote jua, naye akakaa akinoa misumeno ya wenzake.

Wazee wa kanisa walimhurumia, wakamletea kiti cha magurudumu. Kilikuwa cha mtu mnene aliyekwisha kufa. Kinang'aa, cha kupendeza. Saulo alishukuru sana.

Jumapili Ikupa akamsukuma kwenda ibadani. Njia yao inateremka hadi barabara kuu, na mvua ilikuwa imenyesha. Ikupa akateleza, kiti kikamponyoka.

"Shika breki, Baba Anyitike!" Ikupa alimpigia kelele mumewe.

Saulo akavuta breki. Haikushika. Akataka kukamata magurudumu, lakini kiti kilikuwa kipana mno, mikono haikuyafikia vizuri. Mbele yake lori lilikuwa linakuja likinguruma. Saulo akafumba macho.

Kiti kikagonga tuta, kikapinduka. Saulo akaanguka kando ya barabara. Lori likapita, matope yakamrukia usoni.

Toka siku hiyo, akikiona kile kiti tu, moyo ulimwenda mbio.

"Kiondoe machoni pangu," alimwambia mkewe. "Nitakufa kitandani, basi."

Jirani yao Apolonia, nesi aliyetoka Iringa, alikuja kumpa pole. Alimgeuza amtazame mgongo na makalio. Akabonyeza mahali pamoja kwa kidole.

"Baba, hapa panauma?"

"Sisikii kitu. Kuna nini?"

"Ngozi imebadilika rangi. Umekalia kitu kigumu muda mrefu. Tusipoangalia patakuwa kidonda, na kidonda cha namna hii huua mtu."

Saulo akaogopa kuliko siku ya lori. Kumbe hatari ilikuwa mwilini mwake, naye hana habari!

"Usikalie hapo mpaka ngozi ipone," alisema Apolonia. "Kisha twende hospitali tukachague kiti cha kukufaa."

Ngozi ilipopona, wakaenda hospitali pamoja na Ikupa. Saulo aligeuza uso alipoviona viti. Kisha akaonyesha kimoja kipya.

"Upya si hoja," alisema Apolonia. "Keti kwanza."

Miguu ikaning'inia. Cha pili kikambana nyonga. Alipoketi kwenye cha tatu, Apolonia akapitisha kiganja kati ya nyonga yake na ubavu wa kiti.

"Hakibani, wala hakipwayi. Nyayo zimekaa sawa. Mgongo umeegemea. Magurudumu unayafikia?"

"Nayafikia."

"Haya, funga breki. Mama, msukume."

Ikupa akasukuma. Kiti hakikusogea.

"Tena," alisema Saulo, akiyakazia macho magurudumu. "Kwa nguvu zako zote!"

Akasukuma tena. Kiti kikakaa palepale.

Wakatia mto mnene wa kukalia. Apolonia akawaambia, "Baba, jiinue kwa mikono mara kwa mara, mwili upumzike. Mama, kagua ngozi yake kila siku. Na kwenye mteremko mkali mshushe kinyumenyume, wewe ukitangulia chini."

Wakafanya hivyo. Ngozi ikabaki nzima.

Asubuhi moja Ikupa alipokuwa shambani, Saulo alitoka peke yake. Njia ya kwa Apolonia ni tambarare, lakini jasho lilimtoka njia nzima. Mlangoni akafunga breki. Akaijaribu. Akaijaribu tena.

"Hodi!"

Apolonia akatoka. Akatazama huku na huku.

"Karibu, baba. Nani amekuleta?"

Saulo akafuta jasho usoni.

"Nimekuja mwenyewe," alisema.